Paa Nililolibomoa Ulingoni

Kama umejaliwa mtoto mwenye ngozi kama ya Riziki wangu, usiniulize majina ya dawa. Siyajui, na yale niliyotajiwa nimeyasahau. Ninachokijua ni benchi la kungojea, harufu ya bandeji ya siku tatu, na namna mtu anavyoweza kusema neno moja la uongo asubuhi na likamfuata miezi mizima. Hayo nitakueleza. Kama wewe ni mtu wa kuhukumu, hukumu tu, nimekwisha kukutangulia.

Mimi ni mkulima wa mpunga upande wa Wamaza. Riziki ni mtoto wangu wa kwanza. Alizaliwa mweupe, nywele za rangi ya mahindi, macho yanayochezacheza na yasiyopenda mwanga. Baba yake alimpokea vizuri na jina alimpa yeye mwenyewe. Neno lilitoka kwa wifi yangu, aliyekuja kumwona mtoto akiwa na siku tatu. Alimgeuza huku na huku, akaniambia:

"Wifi, huyu iko mutoto wa kukaa ndani, kama muzungu. Shamba utalima na nani?"

Nilicheka mbele yake, lakini neno liliniingia likakaa. Nina kiburi tangu usichana wangu, hata mama yangu alikuwa akinitania kwamba nitaolewa na jembe. Nikaapa moyoni kwamba huyu mtoto atafanya kila kazi wanayofanya wenzake, na kuwapita, mpaka wifi akose la kusema. Sikumchukia Riziki hata siku moja. Nilimpenda kwa ubishi, na ubishi wenyewe haukuwa na yeye.

Kwetu, mpunga ukianza kutia maziwa, nyumba nzima huhamia shambani. Ndege huja kwa makundi, wadogo, wepesi, na wakiachwa asubuhi moja tu hula jasho la miezi minne. Basi tunajenga ulingo, jukwaa la miti lililo juu kuliko kichwa cha mtu, na kutoka hapo tunavuta kamba hadi kwenye nguzo zilizotundikwa makopo matupu pande zote za shamba. Mlinzi anapovuta kamba, makopo yanapiga kelele na ndege wanaruka. Analinda tangu kupambazuka mpaka jua lizame, na hashuki. Tena ulingo hauezekwi. Hivyo ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakifanya, kwa sababu paa linaziba mbingu na kivuli kinaleta usingizi.

Riziki alianza kulinda akiwa na miaka minane. Kila asubuhi nilimpaka mafuta ya kokwa za mchikichi, mengi, mpaka anang'aa, nikaamini nimemvika nguo. Jioni alishuka na mabega mekundu, yaliyofura. Baada ya siku mbili ngozi ilibanduka, chini yake ikatoka nyingine yenye madoa ya kahawia. Nilisema anakomaa. Wifi alipopita njiani nilimwonyesha kwa kidole yule mtoto wa kukaa ndani, aliyekuwa juu ya ulingo saa sita kamili, jua la utosi.

Mwaka aliotimiza miaka kumi na mitatu, nilimpelekea chakula mchana nikakuta ulingo una paa. Alikuwa amekata makuti ya mchikichi asubuhi kabla sijafika, akayasuka vizuri, akayafunga kwa kamba za gome. Yeye mwenyewe alilala chali chini yake, kiwiko juu ya macho, ile kamba ya makopo ameizungusha kwenye kifundo cha mkono. Damu ilinipanda. Nikayavuta makuti yote, nikayatupa kwenye tope la mpunga. Alikaa, akakinga uso kwa viganja.

"Mama, jua inaniunguza."

"Jua iko ya watu wote," nikamjibu. "Watoto wa wengine wanalinda, wewe unalala."

Nikajiambia kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo naifahamu tangu utotoni na siku hiyo niliitumia kama fimbo. Mimi sikuchelea, na bado nimelia. Riziki hakuniomba kivuli tena. Alilinda misimu sita mingine bila paa, na upande wake ndege walikula kidogo kuliko upande wowote wa shamba letu. Nilijipongeza kwamba ule ukali wangu ulimfaa.

Kidonda kilianza mwishoni mwa mavuno, akiwa na miaka kumi na tisa. Kilikuwa kwenye ukingo wa juu wa sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mpunga, na magamba yake. Alikuwa akikikwangua kinatoka damu, kinakauka, kinatoka tena. Kiangazi kizima tulikipaka vitu: majani ya kutwanga, majivu, na pomada ambayo mfanyabiashara alituletea kutoka Salamabila akisema inaponya kila kitu mpaka roho. Mvua za kwanza zilipoanguka kilikuwa kimefikia ukubwa wa chikichi na kilitoa harufu. Kanisani, wasichana wa kwaya walisogeza benchi lao kidogo, kisha kidogo tena. Riziki akaacha kwaya kabla hajaambiwa.

Nasema hapa kwa uchungu: kidonda kisichopona mwezi mmoja juu ya ngozi kama hiyo, usikingojee. Mimi nilingoja kiangazi kizima, na sehemu ya sikio la mwanangu iliondoka kwa sababu ya kungoja huko.

Tulienda mjini Kasongo kwa pikipiki, siku nzima, Riziki kati yangu na dereva, kichwa chake nimekifunga na kitenge changu. Hospitali ilikuwa imejaa. Tulikaa barazani kwenye benchi moja na mwanamke aliyevimba mkono, akatukatia nusu ya muhogo wake bila kutuuliza tumetoka wapi. Watu wengine walimwangalia Riziki kwa kuibia. Mwanamke huyo alimwangalia waziwazi, akamwambia ana nywele nzuri. Riziki alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani, na mimi nikageukia ukuta.

Daktari alikuwa kijana, mchovu, mwenye haraka. Alikiangalia kidonda kwa muda mrefu, akaangalia madoa ya shingo na mikono, kisha akaniuliza mimi, si Riziki:

"Mama, huyu mutoto anafanyaka kazi ya jua?"

"Analindaka mpunga."

"Anavaaka kofia? Kule shamba iko kivuli?"

Mlango ulikuwa wazi na watu wa benchi walikuwa wanasikia. Niliona uso wa wifi yangu kana kwamba naye alikuwa amekaa pale. Nikasema:

"Dokta, tunamuambiaka kila siku. Anakatalaka. Hata paa tulitaka kumujengea, akakatala."

Riziki alikuwa anaangalia miguu yake. Daktari akamgeukia.

"Ni kweli?"

"Ndiyo, dokta," akasema. "Nilikuwa nakatala."

Daktari akaandika kwenye fishi, ile karatasi ya mgonjwa, kwa Kifaransa, huku akisoma kwa sauti: mgonjwa anakataa kofia na kivuli. Kisha akamkaripia kama mtu anavyomkaripia mtoto aliyecheza na moto. Riziki alisema ndiyo, ndiyo, asante dokta. Nilikuwa nimeshika kibegi chetu kwa mikono miwili.

Ukifika hospitali utajua kwamba fishi inatembea na mgonjwa. Kila aliyemshika Riziki aliisoma kwanza. Aliyemtoa damu aliisoma, akatikisa kichwa. Aliyemkata kipande cha kidonda ili kikapimwe aliisoma, akasema vijana wa leo hawasikii wazazi. Lakini hakuna aliyemsema kama muuguzi wa vidonda, Mama Sifa, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, ambaye mkono wake wa kubandua bandeji ulikuwa mwepesi kuliko wote na mdomo wake mkali kuliko yote. Kila asubuhi alimfundisha Riziki mbele ya watu.

"Acha kivuli yako iwe saa," alimwambia. "Ukisimama inje, angalia kivuli yako chini. Kama iko mufupi kukupita wewe, jua iko mukali, ingia ndani. Kikikuwa murefu, unaweza kutembea kidogo, na mikono ya nguo murefu. Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Na mawingu isikudanganye. Jua inapitaka mule. Na maji inairudishaka juu, watu wa pirogi, wenye kuvuka mto kule Nyangwe, wanajua. Na ile mafuta unapakaka, inazuia nini? Unajipakaka mafuta, unapanda juu, unakauka kama samaki. Nani alikufundisha?"

"Mimi mwenyewe," alisema Riziki.

Mafuta niliyapaka mimi, kwa mikono hii, miaka kumi na moja. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale, nakunja shuka lililokwisha kukunjwa.

Kipande walichokata kilipelekwa mbali, tukaambiwa tungoje majibu. Tulingoja mvua zote za Novemba. Tulilala kwa mtu wa kanisa letu, fundi wa nguo, aliyetupa chumba. Asubuhi tulienda kwenye bandeji, mchana Riziki alikaa ndani akimsaidia mwenye nyumba kushona vifungo, na mimi nikajifanya natafuta sombe, majani ya muhogo, sokoni ili nisibaki naye peke yangu. Hatukugombana. Alinipa maji ya kunawa kwanza, alinipisha kitandani upande wa ukuta, na kila wema wake uliniuma. Ningefurahi angenitukana.

Baba yake alikuja mara moja, na gunia la mchele. Alitukuta kwa Mama Sifa na akayasikia mafundisho yote, kuanzia kofia mpaka paa lililokataliwa. Mume wangu ni mtu mpole ambaye hasemi mara mbili. Tulipotoka nje alimwambia Riziki:

"Basi ni wewe ulijileteaka."

Alimtazama kidogo, akanikabidhi mchele, akaenda kutafuta pikipiki ya kurudi bila kumuaga. Ungedhani hapo ningesema. Kinywa kilikuwa changu, na maneno yalikuwa matatu tu: ni mimi, baba. Nilisimama pale na gunia miguuni mpaka pikipiki ikapotea. Riziki akalishika gunia upande mmoja, nikalishika upande wa pili, tukaenda. Siku hiyo ndiyo ninayoiota, kuliko hata siku ya kisu.

Majibu yalikuja kabla ya Krismasi. Yalikuwa mabaya, lakini si mabaya ya mwisho. Ugonjwa ulikuwa umebaki ukingoni mwa pale walipokata, ikabidi wakate tena, safari hii sehemu yote ya juu ya sikio, na haraka, kabla haujashuka shingoni. Daktari mpasuaji alikuwa mwingine, mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alituita asubuhi chumbani mwa bandeji, Mama Sifa yupo, wagonjwa wengine wanangoja zamu ukutani. Akaisoma fishi mpaka mwisho, akaivua miwani.

"Huyu njo ule anakatalaka kivuli," alisema. "Mama, minaweza kukata. Lakini akirudia jua, ugonjwa itarudi, na siku ile sitakuwa na kitu ya kukata. Atakubali sasa, ao tunapoteza kazi?"

Riziki alikuwa anafungua mdomo. Nilijua atakachosema, kwa sababu alikisema kila siku: nitakubali, dokta. Alikuwa anakwenda kuomba msamaha ili akatwe sikio.

"Dokta, futa hiyo maneno," nikasema.

"Maneno gani?"

"Yote ya kofia na ya kivuli. Mutoto hakukatala kitu. Alijengaka paa yeye mwenyewe, mimi njo nilibomoa. Mafuta nilimupaka mimi. Nilidanganya siku ya kwanza sababu nilisikia haya mbele ya watu. Andika jina yangu pale."

Mwanamke mmoja ukutani alivuta pumzi. Nilitaka mtu anipige, nilitaka kabisa. Daktari mzee alinitazama, kisha akamtazama Riziki, ambaye alikuwa amefumba macho. Mama Sifa ndiye aliyeichukua fishi. Alipiga mstari mmoja juu ya yale maneno, taratibu, akaandika mengine pembeni.

"Kumbe mafundisho yangu yote ilikuwa inapita kwa masikio ya mutu mwingine," alisema. "Kesho, wewe njo utakaa kwa kiti. Yeye atapumuzika."

Na kweli kesho yake, wakati Riziki yuko chumba cha upasuaji, alinikalisha pale akanifundisha upya, mbele ya watu, kivuli, mawingu, mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana unaofunika masikio na shingo. Sauti yake haikupungua hata kidogo. Ilikuwa faraja ya kwanza niliyopata tangu tutoke Wamaza.

Sikio lilibaki nusu ya chini. Wiki mbili sikuweza kulitazama, kisha nikajifunza kulisafisha mwenyewe. Yule mwanamke wa mkono uliovimba, ambaye naye alikuwa bado anarudi hospitali, alimsukia Riziki kofia ya ukindu, pana kama ungo, akasema ameipima kwa kichwa cha mumewe mwenye kiburi. Riziki alicheka mpaka mshono ukamuuma.

Mume wangu nilimwambia tulipofika nyumbani, siku ileile, kabla sijatua mzigo. Siku ya tatu alikwenda kukaa na Riziki mlangoni, na walichoongea sikukisikia wala sikukiuliza. Kwangu amerudi polepole. Kuna siku bado naona ananitazama namna ile, na sina cha kumlaumu. Wifi naye alikuja kutoa pole. Nilipomweleza ukweli alilia, na sikuwa nimewahi kuwaza kwamba yeye ana machozi kwa ajili ya mtoto wangu.

Ilibaki Riziki. Nilimwomba msamaha siku nilipombadilishia bandeji ya mwisho, nyuma ya nyumba, kivuli cha ukuta kikiwa kirefu.

"Juu ya nini ulinifunika mbele ya dokta?" nikamuuliza.

"Mikono yako ilikuwa inatetemeka, mama. Niliona utaanguka."

Nikasema lile nililokuwa nimelipanga safari nzima, kwamba hata mtoto anayelala ulingoni ana haki ya kivuli, na kwamba ningemwacha alale.

Akageuza uso kunitazama, macho yake yakicheza.

"Sikulalaka, mama."

"Nilikukuta umelala."

"Nilikuwa nasikiliza. Macho yangu inaonaka ndege wakati wameisha kula. Kwa sikio ninawasikia wangali mbali, mabawa yao. Juani nasikia kwa taabu, kichwa inapiga. Njo sababu nilijenga paa, nifunge macho nisikie." Akaninyoshea kifundo cha mkono. "Kamba ilikuwa kwa mukono yangu. Hukuiona?"

Niliiona. Nimekuandikia hapo juu kwamba niliiona, imezungushwa kwenye kifundo cha mkono wake, na miaka yote hiyo nilikumbuka kiwiko tu.

Msimu huu ni wa pili tangu wamkate. Tunarudi Kasongo kila baada ya miezi mitatu, Mama Sifa anampekua kichwa mpaka visigino, na mara zote hizi hajaona kitu kipya. Adhuhuri Riziki hushona nguo ndani, karibu na dirisha. Shambani hufika alfajiri na huondoka kivuli chake kinapopungua mpaka kulingana na kimo chake, kisha hurudi jioni. Nimegundua kwamba hatukupoteza chochote, kwa sababu saa sita ndege wenyewe wanajificha vichakani. Vizazi na vizazi tumekaa juu ya ulingo kulinda mpunga dhidi ya ndege waliokwenda kupumzika. Ulingo tumeuezeka, mimi na baba yake, makuti tabaka tatu, na majirani wamecheka, na wawili kati yao wameezeka wa kwao.

Juzi jioni nilimpelekea wali na sombe. Nilimkuta chini ya paa, amelala chali na nguo ya mikono mirefu, kiwiko juu ya macho, kamba kwenye kifundo, lile sikio lililokatwa limeelekea shambani. Mguu wangu ulisita wenyewe. Nikatazama angani, sikuona kitu. Nikatazama mpunga, umetulia. Kisha mkono wake ukavuta, makopo yakalia upande wa mbali kabisa, na kundi zima likainuka kutoka pale ambapo nilikuwa nimeangalia sasa hivi.

Nikaweka bakuli kwenye ngazi, nikavua ndala, nikarudi peku ili nyayo zangu zisimzuie kusikia.